Zuhura, usitupe sahani bado

Shoga yangu Zuhura,

Hujambo? Mama mafua yamemwacha? Huku wote wazima. Nisamehe kwa kimya kirefu, lakini ujumbe wako wa Jumapili umenikalia rohoni.

Unasema mara tatu umechanganya bakteria wa kipindupindu C6706 na E. coli, ukitaka kuona wakiuawa, lakini E. coli wametoka salama. Usiilaumu mikono yako kwanza. C6706 ni El Tor (aina mojawapo ya bakteria wa kipindupindu) aliyepatikana Peru mwaka 1991, na kwenye LB tupu, chakula cha kawaida cha kukuzia bakteria, hatoi mkuki wake, yaani silaha ya T6SS anayowadungia bakteria jirani sumu. Jeni za mkuki zinawaka pale mambo mawili yanapokutana: kitini, yaani dutu ya ganda la kamba au kaa, na wingi wa wenzake anaowatambua kwa kemikali. Baharini hilo lina maana kubwa: akiwa juu ya ganda, anamchoma jirani kisha anameza DNA iliyomwagika. Watafiti wa Lausanne walilionyesha mwaka 2015, na mpaka leo naona ni jambo la ajabu.

Kwa hiyo tumia V52, bakteria mwingine wa kipindupindu, wa Sudan 1968, ambaye huchoma hata kwenye LB. Ukimng'ang'ania C6706, mtilie tfoX, jeni inayoamsha zile za mkuki, iwe inawashwa na sukari ya arabinosi, na arabinosi iwe kwenye mchuzi na kwenye agari pia.

Sasa lile tone la mchanganyiko uliloweka. Mikrolita 50 kwenye agari mbichi! Ala, yaani ganda la nje la mkuki, hujikunyata chini ya milisekunde 5 na kuusukuma mrija wenye sumu, lakini mrija ule haufiki mbali: hudunga aliyeambatana naye tu. Kwenye kidimbwi bakteria wanaelea, wanaachana. Kausha sahani wazi ndani ya kabati dakika 20. Zungusha seli, zifikishe OD 10 (kipimo cha wingi wa seli), changanya wauaji 10 kwa E. coli 1, weka mikrolita 5. Tone likifyonzwa, nyuzi 37 kwa saa 3. Kwangua, punguza mara kumi kumi, panda.

Upande wa pili uweke V52 asiye na vasK, jeni ambayo bila yake mkuki haufanyi kazi, mchanganyiko uleule. Bila huyo, E. coli wakipungua hutajua ni mkuki au ni njaa tu.

Na antibiotiki, Zuhura! Ukichagua E. coli kwa streptomisini, C6706 wa maabara naye anapita, maana anaihimili. Huenda nusu ya koloni ulizohesabu ni za muuaji mwenyewe. Tumia E. coli anayehimili kanamisini.

Halafu Bakari anakuambia mchuzi unaotikiswa unatosha. Anachanganya na CDI, njia nyingine ya bakteria kumzuia jirani kwa kumgusa, ile ya E. coli wa utumbo wa panya, iliyotangazwa 2005. Hiyo kweli hufanya kazi kwenye mchuzi, kwa sababu CdiA, silaha yake, ni protini ndefu kama kamba inayomshika mwenzake kwenye BamA, protini ya utando wake wa nje, na kuzuia ukuaji wake. Mkuki hauna mshiko huo. Mwambie kwa upole, lakini mwambie.

Tone lako lilikauka kwa dakika ngapi? Lilipakana na ukingo wa sahani? E. coli yako ina alama gani hasa? V52 mnaye kwenye friza, au nimwombe Kessy? Na lile ombi la kibali cha usalama wa maabara, limeshajibiwa?

Wako,
Rehema