Asiyejua Kiswahili asipewe uraia

Mhariri,

Kila mjadala wa wageni ukizuka hapa jijini, lawama huishia kwa wageni wa Kariakoo: eti wamejitenga, hawachangamani, wanajuana wenyewe kwa wenyewe. Mimi naona tunalaumu mtaa usiohusika.

Pita mtaa wa Narung'ombe, pale pale Kariakoo, asubuhi mizigo ikishushwa. Yuko dada wa Kichina anayeuza viatu. Nimemsikia akimwambia mteja, "Mama, chukua dazeni nikupunguzie, mojamoja hailipi." Akamgeukia mzee wa mkokoteni, akampa shikamoo, halafu wakazozana kuhusu buku mbili ya kubeba mzigo mpaka wote wakacheka. Hajakaa darasa lolote, biashara imemfundisha. (Kama anaruhusiwa kuwa pale baada ya amri ya Julai 2025 iliyowazuia wasio raia kufanya biashara ndogondogo, hilo waulizwe wenye mamlaka.)

Sasa nenda Masaki, wanakoishi wageni wenye hela. Huko mgeni anamaliza miaka kumi, mlinzi anamsemesha kwa Kiingereza, dereva kwa Kiingereza, na Kiswahili chake kinaishia "mambo" na "asante sana". Huyo hatusemi amejitenga. Tunamwita mtaalamu, tena sisi ndio tunaohangaika kumjibu kwa Kiingereza cha kuungaunga.

Na sheria inamlinda. Sheria ya Uraia ya 1995 inamtaka mgeni anayeomba uraia (uraia wa tajnisi) ajue Kiswahili au Kiingereza, achague mwenyewe. Kwa hiyo mtu anaweza kuapa kuwa Mtanzania na asielewe kinachosemwa kwenye mkutano wa serikali ya mtaa wake. Halafu kila Julai 7 tunaandamana na fulana za Siku ya Kiswahili Duniani!

Wapo watakaosema tunawanyang'anya watu lugha zao. Si kweli. Warundi waliokimbilia kwetu mwaka 1972, ambao zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao walikuja kupewa uraia, walisomesha watoto kwa Kiswahili kule kwenye makazi yao ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Kirundi hawakukitupa.

Bunge lifute hiyo nafasi ya Kiingereza. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) wapewe kazi ya kuwapima waombaji, tena kwa mazungumzo, si ngeli na minyambuliko ambayo hata sisi wenyeji ingetuangusha. Na shule za kata zifungue madarasa ya jioni kwa ada ambayo hata msusi wa Kikongo ataimudu. Wa Masaki watalipa bei ya Masaki.

Mkazi wa Magomeni,
Dar es Salaam