Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu: Jahazi la Watumwa Liingie Darasani

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu wa Historia wa shule ya sekondari. Kila nifundishapo biashara ya utumwa, mchoro ninaoutegemea ni wa Brookes, meli ya Liverpool, uliochapishwa na wapinga utumwa wa Plymouth mwaka 1788, ukionyesha mamia ya watu waliolazwa ubavu kwa ubavu, kila mwanamume akitengewa upana wa sentimita 40 hivi. Ni mchoro wa kutisha, lakini bahari yake ni Atlantiki, na wanafunzi wangu hutoka wakiamini kwamba watu waliosafirishwa kutoka Kilwa Kivinje nao walipakiwa katika meli ya namna ile.

Wao walipakiwa katika jahazi, na jahazi halikuundwa kwa kazi ya kubeba watumwa. Lilibeba nafaka, likabeba watu, na mara nyingi vyote kwa pamoja, watumwa wakichanganyika na abiria na mabaharia, hata manowari za Waingereza zilizokuwa zikizuia biashara hiyo zikapata taabu kuwatambua. Baada ya Sultani Barghash wa Zanzibar kutia saini mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, uliopiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na kufunga soko la Unguja, wapo manahodha waliopandisha bendera ya Ufaransa ili wasipekuliwe; Kapteni Brownrigg wa HMS London, manowari ya Waingereza, aliuawa karibu na Pemba mwaka 1881 alipokiendea chombo chenye bendera hiyo. (Sijapata kisa kinachomfaa zaidi kijana anayeuliza bendera ina kazi gani.)

Ipo pia meli inayoziunganisha bahari mbili, ya Hindi na ya Atlantiki. São José, ya Wareno, iliondoka Kisiwa cha Msumbiji mwaka 1794 ikielekea Brazil na watu zaidi ya 400, ikavunjika karibu na Cape Town mwezi Desemba. Zaidi ya 200 walikufa maji, na waliookolewa wakauzwa palepale Cape. Watafiti waliitambua kwa msaada wa farumi yake, vipande vya chuma vilivyopakiwa kuipa meli uzito wa kutulia majini, kwa sababu miili ya watu ni myepesi kuliko shehena ya kawaida. Darasa langu hunyamaza kila ninapofika hapo.

Ninaomba, Mheshimiwa, vitabu vitakapopitiwa upya, Brookes ibaki, ila ukurasa unaofuata uwe na mchoro wa jahazi lililopasuliwa ubavuni, ngama (sehemu ya chini ndani ya chombo) ikionekana, uchorwe kwa kushauriana na mafundi wa vyombo wa pwani, ambao hadi leo wanajua ngama inachukua kiasi gani.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Historia, Kilwa