Umenunua Mchoro wa Karibi? Usiubandike kwenye Kioo

Wiki iliyopita baharia mmoja wa hapa Tanga, yuko likizo kutoka meli za watalii, alituletea hapa dukani kwetu, tunapotia picha fremu, mchoro wa rangi za maji alioununua kisiwani Jamaika, huko Karibi, umeviringishwa ndani ya bomba la kadibodi. Tulipoukunjua mezani, dukani pote likatoka neno moja: mkrismasi! Mti mzima umewaka mwekundu, na chini yake ardhi haionekani kwa maua yaliyopukutika. Wetu huchanua Desemba, ndipo ulipopata jina. Wa kule huchanua katikati ya mwaka. Asili yake si kwetu wala kwao, ni Madagaska.

"Fundi, nitilie kioo tu, jioni naupitia."

Tukamvutia kiti.

Wengi wakisikia picha za Karibi huwaza mnazi na jua linazama. Hizo zipo, na hatumcheki anayezinunua. Ila mimea ya visiwa vile ina habari nzito kuliko hapo. Mshelisheli ulifikishwa huko na meli ya Waingereza mwaka 1793 kutoka Tahiti, uwe chakula rahisi cha watumwa. Na watumwa wenyewe wengi walipelekwa kwa sababu ya miwa. Mtazame mchoraji Wifredo Lam wa Kuba: katika La Jungla, mchoro wake wa 1943, miili imejichanganya na miwa hata hujui mguu ni upi na muwa ni upi.

Wasanii wa sasa wamekwenda mbali zaidi. Ebony G. Patterson, mzaliwa wa Kingston, hutengeneza bustani za ukuta mzima kwa vitambaa, shanga na vumbi la kumetameta. Kwa mbali ni sherehe, ukisogea unakuta katikati ya maua kuna mwili wa mtu. Daniel Lind-Ramos wa Loíza, Puerto Rico, huunda sanamu kwa nazi na makuti. María-María yake ya 2019 imevikwa turubai la bluu, aina ile waliyogawiwa watu walioezuliwa mapaa na kimbunga Maria mwaka 2017. Kazi kama hiyo ikiletwa hapa sijui tungeanzia wapi, lakini ningefurahi kuhangaika nayo.

Sasa turudi kwenye kioo. La Jungla pia imechorwa juu ya karatasi, iliyogandishwa kwenye kitambaa cha kuchorea, karibu mita 2.4 kwa 2.3. Iko kwenye jumba la makumbusho New York, ambako hewa hupimwa usiku na mchana. Wako utakaa sebuleni, dirisha limeelekea baharini. Karatasi hufyonza unyevu. Usiku ukipoa, matone hujikusanya upande wa ndani wa kioo; karatasi ikiwa imekigusa, rangi hunata na koga hupata makao. Miaka ya nyuma tulibana mchoro namna hiyo kwa haraka ya mteja. Masika yalipokwisha ulirudi na madoa ya kahawia, na tulipojaribu kuutoa, kipande cha anga kikabaki kwenye kioo. Tulilipa.

Kwa hiyo siku hizi tunaweka ukingo wa kadibodi isiyo na asidi ili kioo kisiguse rangi. Mchoro hatuugandishi wote. Tunaushika juu tu kwa vipande vya karatasi nyembamba na gundi ya wanga, inayotoka kwa maji. Nyuma tunabandika vizibo vidogo, fremu isilale ukutani, hewa ipite. Wenye shanga au kitu kilichotokeza tunautengenezea fremu ya kina kama sanduku. Kazi huchukua siku nne, si jioni moja.

Ukutani, uepushe na jua la moja kwa moja. Wekundu wa rangi za maji, hasa za bei nafuu, ndio hutangulia kupauka, na mkrismasi usio na wekundu ni mti tu.

Ulete ukiwa ndani ya bomba lake, hata kama umejikunja vibaya. Usiupige pasi. Tumeshaletewa wa hivyo.