Barua ya wazi kwa kaka aliyeacha mazoezi

Kaka, shikamoo.

Ujumbe wako nimeusoma, nikaurudia. Unasema mazoezi umeyaacha kwa sababu mwenzako mliyeanza naye siku moja kitambi kimemwisha, suruali zinamvuka, na wewe mizani haijatikisika. Ukamalizia kwamba sukari ya ukoo wetu haikimbiwi. Nimeona nikujibu hadharani (jina lako sitalitaja, usiwe na wasiwasi), maana wanaosema hivyo ni wengi, na si wote wenye ndugu king'ang'anizi kama mimi.

Nianze kwa kukupa haki yako. Baba alikuwa na kisukari cha aina ya pili, na hilo si jambo la kupuuza. Mtu ambaye mzazi wake mmoja ana ugonjwa huo hukadiriwa kuwa na uwezekano wa karibu asilimia 40 wa kuupata maishani. Wakiwa nao wazazi wote wawili, makadirio hupanda hadi karibu asilimia 70. Sehemu ya mzigo huo ni jeni, na sehemu ni mazoea ya nyumbani ambayo nayo tunayarithi bila kuandikiwa wosia. Watafiti wameshabaini mamia ya maeneo kwenye vinasaba yanayohusiana na kisukari hiki. Mengi yana mchango mdogo mno likitazamwa moja moja. Lenye nguvu kuliko mengine ya kawaida ni jeni iitwayo TCF7L2, iliyotangazwa mwaka 2006 na watafiti wa Iceland. Mwenye toleo baya la jeni hiyo kongosho lake huchelewa kutoa insulini ya kutosha, ile homoni inayoshusha sukari ya damu, sukari inapopanda.

Sasa hapo ndipo wewe unaposimama na kusema basi, imeshaandikwa. Mimi nakuomba usome na ukurasa unaofuata.

Marekani walifanya utafiti mkubwa kwa watu zaidi ya 3,200 ambao hali yao ilikuwa kama yako leo: sukari imeanza kupanda lakini haijafika kuitwa kisukari. Wengine walipewa vidonge visivyo na dawa, wengine dawa ya kisukari iitwayo metformin, na kundi la tatu likafundishwa kubadili maisha: angalau dakika 150 za kushughulisha mwili kwa wiki, na kupunguza asilimia 7 ya uzito. Matokeo yalitoka mwaka 2002. Metformin ilipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 31, kubadili maisha kukaupunguza kwa asilimia 58. Ufini walikuwa wametangulia mwaka mmoja na utafiti mdogo zaidi, nao wakapata asilimia 58 hiyohiyo.

Lakini lililonifanya nikae chini nikuandikie lilikuja mwaka 2006, watafiti walipochukua vinasaba vya watu hao wa Marekani na kutazama nani ana TCF7L2 mbaya. Kwenye kundi la vidonge vitupu, waliorithi toleo hilo kutoka kwa wazazi wote wawili walipata kisukari kwa kasi iliyozidi ya wasionalo kwa takriban asilimia 80. Kwenye kundi la kubadili maisha, tofauti hiyo ilisinyaa hadi ikawa ndogo mno kuhesabika. Jeni ilikuwa ileile, ndani ya miili iliyokuwa inatembea. Sitaki kukudanganya: kundi hilo lilipunguza na chakula, kwa hiyo sifa zote haziwezi kwenda kwa miguu peke yake. Ila ona waliofaidika. Waliobeba urithi mzito ndio waliokuwa na kingi zaidi cha kuokoa. Wewe unautaja urithi wa baba kama sababu ya kukaa. Kwangu mimi ni sababu ya kuinuka kabla ya yule mwenzako.

Unene nao uko vivyo hivyo. Mwaka 2007 iligundulika jeni iitwayo FTO: aliyerithi toleo lake la unene kwa pande zote mbili huwa na wastani wa kilo 3 hivi zaidi ya asiyenalo. Miaka minne baadaye zikakusanywa takwimu za watu wazima zaidi ya 218,000, na kwa wale wanaoushughulisha mwili, nguvu ya jeni hiyo katika kuleta unene ilikuwa pungufu kwa zaidi ya robo. Imepungua, haijafutika. Atakayekuambia mazoezi yanafuta jeni ana kitu anachokuuzia.

Inawezekanaje lakini? Twende ndani ya msuli wa paja lako, maana uhondo uko huko.

Ukishakula, sukari huingia kwenye damu na insulini hutoka kuipeleka inakotakiwa. Sehemu kubwa ya sukari hiyo hupokelewa na misuli. Ndani ya kila seli ya msuli kuna protini za kubebea sukari, GLUT4, ambazo muda mwingi zimelala ndani kwenye vifuko vidogo. Insulini ikigonga, vifuko hivyo hupanda hadi kwenye ukuta wa seli na sukari hupita. Mwenye usugu wa insulini, kama unavyoelekea wewe, mlango huo wa mbele umeanza kukwama: insulini inagonga, vifuko vinapanda kwa kusuasua, na kongosho linalazimika kugonga kwa nguvu zaidi na zaidi. Likiwa ni kongosho lililorithi uvivu, litachoka mapema.

Lakini seli ina mlango wa uani. Msuli unapojikaza, madini ya kalisi humwagika ndani yake na akiba ya nguvu huanza kushuka. Kimeng'enya kiitwacho AMPK huiona hali hiyo, na GLUT4 hupanda ukutani bila kungoja insulini. Njia hii huendelea kufanya kazi hata kwa watu ambao tayari wana kisukari cha aina ya pili. Na ukishapumzika, msuli hubaki ukiisikia insulini vizuri kuliko jana kwa siku moja, pengine mbili. Ndiyo maana nilikusihi usiruke siku mbili mfululizo, ukaniona mnoko.

Sasa mwenzako na kitambi chake. Kuna utafiti uliongozwa na Claude Bouchard, uliojulikana kama HERITAGE, ambapo familia nzima, wazazi na watoto wao wakubwa, zilifanyishwa mazoezi ya baiskeli kwa wiki 20, chini ya usimamizi na kwa mpango mmoja. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni uliongezeka kwa wastani wa karibu mililita 400 kwa dakika. Wastani huo umeficha mengi: wapo ambao karibu hawakuongeza kitu na wapo waliovuka lita nzima. Karibu nusu ya tofauti hizo ilitokana na urithi, maana ndugu wa familia moja walielekea kufanana. Kwa hiyo huenda mwenzako alizaliwa na mwili unaoitikia haraka, na hana haja ya kukucheka. Ila anayeitikia kidogo kwenye oksijeni anaweza kuitikia vizuri kwenye insulini, au presha, au mafuta ya damu. Mwili hauna alama moja ya mtihani.

Na mizani, kaka, ni shahidi mbovu. Mazoezi peke yake hupunguza uzito kidogo kuliko watu wanavyotarajia, lakini hupunguza mafuta yaliyojazana kwenye ini na kuzunguka matumbo hata pale ambapo uzito umegoma kabisa. Mafuta hayo ndiyo yanayoisumbua insulini. Kama umekuwa ukijipima kwa mizani peke yake, huna unachojua bado kuhusu miezi uliyotoka jasho.

Umeniuliza pia kuhusu vile vipimo vya jeni vinavyouzwa mtandaoni, vya kutema mate kwenye kichupa uambiwe zoezi linalokufaa. Weka hela yako. Kipimo cha jeni kina maana daktari akishuku kisukari kinachotokana na jeni moja, kile kinachowapata vijana wembamba kizazi baada ya kizazi, na hicho ni sehemu ndogo sana ya wagonjwa wote. Baba hakuwa kijana wala mwembamba.

Tembea kwa kasi, dakika thelathini, siku tano. Hata dakika kumi za kutembea baada ya kula zihesabu, tena zina thamani kwa sababu zinaikuta sukari ikiwa inapanda. Mara mbili kwa wiki ubebe kitu kizito au ujisukume sakafuni, maana msuli ukiongezeka, ghala la sukari nalo limeongezeka. Na siku wakikuanzishia dawa za sukari, uliza kwanza kama ni zile zinazoweza kuishusha kupita kiasi ukiwa mazoezini. Insulini ni mojawapo, na si hiyo peke yake.

Kabla hujaanza upya, kapime sukari ya asubuhi kabla ya kula na ile ya wastani wa miezi mitatu, mafuta ya damu, presha, na kiuno kwa futi ya fundi nguo. Kisha baada ya miezi mitatu urudie vyote. Nitumie majibu ya mara zote mbili, hata yale usiyoyapenda, maana bila namba za kuanzia hatutakuwa na cha kubishania.

Mdogo wako.