Malalamiko kuhusu alivyodhalilishwa babangu kwenye maonyesho yenu ya magari

Kwa Meneja wa Maonyesho,

KUH: KUDHALILISHWA KWA MZEE MBELE YA UMATI, JUMAPILI ILIYOPITA

Salaam. Nimejizuia siku tatu nisiandike, maana siku ile ile ningeandika yasiyoandikika.

Babangu, mzee wa miaka 76, alikuwa amesimama penye Peugeot 504 nyeupe, boneti wazi, mikono ameifunga nyuma, akimwonyesha mwanangu jinsi injini ilivyolazwa upande, nyuzi 45. Kijana wenu mwenye kipaza sauti akamvuta mkono wa kanzu, akatangaza kiwanja kizima kisikie: "Mzee, rudi nyuma ya kamba! Hapa si steji, hatubebi abiria!" Watu wakaangua kicheko. Babangu akavua kofia, akasema, "Niwie radhi, mwanangu."

Yaani yeye ndiye aliyeomba radhi!

Na huko langoni tulikotoka! Tiketi ya familia nililipa shilingi 3,000 kwa M-Pesa, ujumbe ninao. Tukaambiwa mashine haisomi, tukaanikwa juani dakika arobaini, huku vijana wenye Subaru zilizoshushwa hadi zinakwaruza lami wakipungiwa mkono wapite. Magari yenyewe, nisiseme uongo, yalikuwa mazuri. Ile Datsun 160J sikuchoka kuitazama. Lakini wale vijana walikalia maboneti, ekzosi zikilipuka kama baruti, na hakuna aliyewarudisha nyuma ya kamba.

Narudi pale pale kwenye kamba, maana ndipo paliponichoma. Babangu hakuvuka kwa ujeuri. Mwenye gari ndiye aliyemwita, baada ya kumsikia akieleza feni ya 504 inavyojishika yenyewe injini ikipata moto. Na kijana wenu aliambiwa hivyo, waziwazi, kabla hajaweka kipaza sauti mdomoni. Akamvuta vilevile. Akasema vilevile: si steji, hatubebi abiria. Anaambiwa hivyo mtu aliyebeba abiria Mwembe Tayari hadi Malindi miaka kumi na tisa, kwa Pijo ya viti saba! Kofia hakuivaa tena mpaka tukafika nyumbani.

Nilipoanza barua hii nilitaka mniandikie kuomba radhi, basi. Sasa naona haitoshi. Nataka shilingi zangu 3,000 zirudi. Nataka kijana huyo na msimamizi wake waje nyumbani wamkabili mzee. Na radhi hiyo itangazwe kwenye maonyesho yajayo, kwa kipaza sauti kile kile, watu wale wale wasikie.

Nawapa siku 14. Mkinyamaza, tutaonana Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1, na mwenye gari amekubali kuwa shahidi. Video pia ipo. Wenye vilabu vya magari wameniomba niwarushie, bado sijawapa.

Tena kile kibao mlichoweka mbele ya ile 504, kinachosema ilishinda mwaka 1979, mkirekebishe. Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Mwaka 1979 ilishinda Datsun. Babangu alikisoma akanyamaza, asiwaaibishe.

Mwenye tiketi ya familia,
Mombasa