Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vanadi Ndani ya Mwani

Ndugu wanachama,

Ya ada na vikao nitayamaliza upesi. Tulikutana kila mwezi isipokuwa Aprili, masika yalipofunga njia ya Jangwani. Hesabu za fedha mhazini ataziweka mezani leo. Waliolipa ada mapema nawashukuru kwa dhati, maana ndizo zilizonunua kemikali.

Naomba niwarudishe Kunduchi, ile Jumamosi ya bamvua, tulipokwenda kutafuta ndani ya mwani kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali) kinachotumia metali iitwayo vanadi. Maji yalipokupwa tuliokota mwani mwekundu na wa kahawia, tukausuuza mchanga, tukautwanga kinuni kwa maji baridi na kuuchuja kwa kitambaa. Kwenye gilasi tukatia fenoli nyekundu, ambayo kwenye uasidi kidogo huwa ya manjano, na bromidi ya potasiamu, kisha haidrojeni peroksidi. Tukangoja. Nusu saa nzima, manjano tu. Wapo waliokata tamaa wakasema mwani wetu hauna kimeng'enya. Kumbe peroksidi tuliyouziwa ilikuwa imeisha nguvu! Juma lililofuata, kwa chupa mpya, manjano yalififia yakawa kijani, kisha buluu ya wino. Gilasi isiyo na maji ya mwani ilibaki vilevile.

Hiyo ni kazi ya bromoperoksidesi, kimeng'enya kinachotumia peroksidi kuibandika bromini kwenye fenoli nyekundu, ndipo rangi ikageuka buluu. Hans Vilter alikitambua kimeng'enya hiki mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika Ascophyllum nodosum, mwani wa kahawia wa Atlantiki ya Kaskazini, na ndicho cha kwanza kujulikana kuwa kinategemea vanadi. Ukiiondoa metali hiyo, kazi inakoma. Ukiirudisha, inaanza upya. Fosfeti ikizidi, vanadi hairudi kwa urahisi, kwa sababu umbo la fosfeti linafanana na la vanadeti, yaani vanadi iliyoshikana na oksijeni, na hugombea nafasi ileile.

Umbo la kimeng'enya cha Ascophyllum lilichapishwa mwaka 1999: minyororo miwili ya protini iliyoshikana. Mwaka 2000 likafuata la Corallina officinalis, mwani mwekundu, lenye minyororo 12 iliyojikusanya kama mpira. Ndani kabisa ya kila mnyororo kuna vanadi. Mfano wetu wa udongo na vizibo vya soda unaonyesha vizuri: oksijeni tatu zimeizunguka kama mafiga, ya nne iko juu, na chini nitrojeni ya histidini, kiungo kimojawapo cha mnyororo wa protini, imeishikilia. Peroksidi huja kujishika hapo, bromidi ikapokonywa elektroni. Vanadi yenyewe haibadilishi chaji yake. Hilo kwangu ndilo la ajabu kuliko yote.

Jambo hili halipo mbali nasi. Mwaka 1996 watafiti Matern Mtolera, marehemu Profesa Adelaida Semesi na wenzao wa Sweden walionyesha kwamba Eucheuma denticulatum, mwani unaolimwa Zanzibar, ukibanwa na jua kali na pH ya juu (maji yaliyopungua uasidi), hutoa gesi zenye halojeni (elementi kama bromini), jamii ya zile zinazozaliwa na kemia hii. Mkulima anayeona mwani wake ukipauka anastahili tumweleze hayo kwa lugha yake.

Mwaka ujao napendekeza tuanze na kadimi, metali tuliyozoea kuiita sumu. Thalassiosira weissflogii, mwani wa chembe moja, huitumia pale zinki inapokosekana.

Mfano wa udongo uko kwa katibu. Histidini yake imevunjika. Mwenye waya wa shaba aje nao kikao cha Januari.