Taarifa ya mwenyekiti kwa mkutano mkuu wa mwaka: kupima saratani ya mlango wa kizazi

Wanachama wenzangu wa hapa sokoni Mbuyuni, Moshi, na wageni wetu kutoka Kiborloni, salaam.

Habari za akiba na mikopo nimemwachia mhazini. Itoshe kusema chama kimesimama. Muda wangu nautumia kwa azimio la mkutano uliopita, kwamba kila mwanachama wa kati ya miaka 30 na 50 akapime saratani ya mlango wa kizazi. Wenye virusi vya UKIMWI huanza mapema zaidi na kurudia mara nyingi zaidi.

Semina zilijaa. Tulielezwa kuwa saratani hii husababishwa na HPV, kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana, na kwamba huchukua miaka 15 hadi 20 kukomaa kwa mwanamke mwenye kinga nzuri. Wote tukaitikia, tukanywa soda, tukatawanyika, na waliokwenda kupima wakawa wachache. Nilipopita meza kwa meza kuuliza, hakuna aliyesema hajui. Mama mmoja wa ndizi alinijibu bila kuinua kichwa: "Nikikaa foleni mpaka saa saba, hizi mbivu ataniuzia nani?" Kwa maoni yangu jibu hilo lilikuwa na uzito kuliko semina zote.

Ndipo tukaanza kushikiana meza. Anayekwenda kupima, jirani yake anamuuzia na kumwandikia mauzo kwenye daftari, na aliyekwisha pima anamsindikiza. Huyo msindikizaji ndiye anayeondoa hofu, kwa sababu anasimulia alichokiona: unapanda kitandani, unajifunika kanga yako, nesi anaingiza kile chuma cha kupanulia uke ili auone mlango wa kizazi, anapaka siki iliyopunguzwa makali, anasubiri kama dakika moja, anatazama. Penye mabadiliko panageuka peupe. Hakuna anayekatwa wala kutolewa kizazi, kama uvumi wa stendi unavyodai. Na anayekutwa na weupe si kwamba ana saratani. Mara nyingi hutibiwa siku hiyohiyo kwa kugandisha au kwa joto, akarudi nyumbani kwa miguu yake.

Hapo kwenye siku hiyohiyo ndipo tulipokwama. Kituo kimoja kiliwapima wenzetu, kikawaambia mtungi wa gesi ya kugandishia umekwisha, warudi wiki ijayo. Baadhi hawakurudi, na bado tunawafuata. Tangu hapo katibu anapiga simu kwanza kuuliza kama matibabu yapo, ndipo watu wanaondoka sokoni.

Kuhusu baba watoto: wapo waliokataza, wakidhani ni kipimo cha uaminifu. Kirusi hiki kinaweza kukaa mwilini miaka bila dalili, kwa hiyo majibu hayamwambii mtu nani kakileta wala lini. Waliofika kwenye kikao chetu cha Pasua walielewa upesi kuliko nilivyotarajia, ingawa walifika wachache.

Mabinti zetu wana nafuu. Mkoa wetu wa Kilimanjaro ulianza kwa majaribio chanjo ya HPV mwaka 2014, kabla haijasambazwa nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 wasichana wa miaka 9 hadi 14 hupewa dozi moja tu. Lakini aliyechanjwa naye atapimwa akifika umri, maana chanjo haizuii aina zote za kirusi.

Neno moja kwa wanaotoka damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, au wenye uchafu unaonuka: msisubiri zamu ya chama. Nendeni hospitali ya Mawenzi au ya KCMC mkaonwe na daktari.

Kwa mwaka ujao kamati inaleta mambo mawili ya kupigiwa kura. La kwanza, nauli ya kurudia matibabu itoke mfuko wa jamii wa chama, isiwe mkopo. La pili, zamu zote za kupima ziishe kabla ya Novemba. Desemba wateja wananunua vya kupanda navyo migombani, vijijini kule mlimani, kula sikukuu, meza zinawaka moto, na hakuna atakayekubali kumshikia mwenzake, hata mimi. Wenye hoja juu ya nauli waanze sasa, kwa sababu najua mhazini anayo.